Fahali Wanapopatana, Nyasi Hupata Nini?

Ukitaka kuelewa ni kwa nini kampuni kubwa huungana au kununuana, usianzie Nairobi katika majumba ya ghorofa ambamo mikataba hutiwa sahihi. Anzia ufuoni Port Victoria, huku Budalang'i, alfajiri, mashua zinapowasili kutoka ziwani. Samaki aliyevuliwa usiku hasubiri. Jua likipanda naye huanza kuharibika, na mvuvi asiye na barafu hana budi kumuuza mapema. Siku ambayo magari matatu ya wanunuzi yamefika, mvuvi husimama wima; akipunjwa na huyu, humwendea yule. Siku ambayo limekuja gari moja tu, mvuvi yule yule, mwenye samaki wa uzani ule ule, hupokea anachopewa na kushukuru.

Sasa tuseme kwamba wenye magari yale matatu wameketi pamoja, wakaamua kuwa kitu kimoja, wakanunua gari moja kubwa lenye mtambo wa baridi na kuwaachisha kazi madereva wawili. Gharama zao zimepungua, hilo halina ubishi. Samaki wanafika mjini wakiwa katika hali bora zaidi kuliko zamani, hilo nalo ni kweli. Swali lililosalia ni moja tu: je, ile akiba iliyopatikana imeingia mfukoni mwa nani?

Hilo ndilo swali ambalo aghalabu husahaulika kila tunaposoma magazetini kwamba kampuni fulani imeinunua nyingine, au kwamba mbili zimefunga ndoa. Wakuu wa kampuni hutabasamu mbele ya kamera, wanahisa huhesabu watakachopata, nao wachumi hutuambia kuwa ukubwa ni nguvu. Hapana anayemuuliza mwanamke anayeuza kadi za simu kando ya barabara mjini Busia, wala mkulima wa miwa wa Matayos.

Sababu zinazozisukuma kampuni kuungana si siri. Ya kwanza ni kupunguza gharama: idara mbili za uhasibu huwa moja, maghala mawili huwa moja, na lori lililokuwa likisafiri nusu tupu sasa husafiri likiwa limejaa. Ya pili ni kupata wateja na njia mpya, kwani ni rahisi kumnunua aliyekwisha kujenga kuliko kuanza kuchimba msingi ugenini. Ya tatu ni kujihakikishia malighafi. Ya nne ni kuliokoa shirika linalozama katika madeni. Ya tano, ambayo haiandikwi katika mkataba wowote, ni kumwondoa mshindani uwanjani. Na iko ya sita, ambayo ni fahari ya wakubwa wenyewe, wanaopenda kuongoza ufalme mpana hata kama ufalme huo hauna faida.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nao Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambao huwapiganisha fahali wao mbele ya halaiki ya watu, wanajua vyema uwanja unavyobaki baada ya pigano. Hata hivyo, katika biashara methali hii inahitaji kutazamwa upya. Huko, mara nyingi nyasi hunawiri fahali wanapopigana, na huumia siku wanapopatana. Tuchukue mifano mitatu ambayo sisi wakazi wa mpakani tumeionja.

Mfano wa kwanza ni wa simu. Busia na Malaba ni miji ya ajabu. Nyumba ya Kenya hutazamana na nyumba ya Uganda, ndugu huishi pande zote mbili, na inasemekana kuwa neno boda boda lilizaliwa hapa kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hata hivyo, simu za mkononi zilipoenea, mfanyabiashara wa Busia aliyetaka kuzungumza na mwenzake aliye ng'ambo ya kizuizi alitozwa kana kwamba anapiga simu nchi za mbali. Wengi walilazimika kutembea na laini mbili, moja ya kila nchi.

Nchini Kenya, kampuni ya KenCell ilianza kazi mwaka 2000, na mwaka 2004 ikachukua jina la Celtel, kampuni iliyoasisiwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan. Celtel ilikuwa pia na mitandao Uganda na Tanzania. Mwaka 2005 Celtel yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya MTC ya Kuwait. Mnamo Septemba 2006 iliiunganisha mitandao yake ya nchi hizo tatu, hivyo kwamba mteja aliyevuka mpaka alipiga simu kwa bei ya wenyeji na kupokea bila malipo. Kwa mara ya kwanza, mpaka ulitoweka masikioni mwa watu ingawa ulibakia ardhini. Haukupita muda mrefu kabla ya Safaricom na kampuni za nchi jirani kuitikia kwa mpango wa namna hiyo hiyo. Serikali zetu, ambazo zilikuwa zikihubiri umoja wa Afrika Mashariki tangu zamani, zilifuata nyuma. Ni kuanzia mwishoni mwa 2014 ndipo Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kuondoa ada za ziada kwa simu za kuvuka mipaka yao.

Majina yaliendelea kubadilika. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikaununua mtandao huo katika nchi nyingi za Afrika kwa thamani ya dola bilioni 10.7. Mnamo Agosti mwaka huo huo, bei ya kupiga simu katika mtandao huo nchini Kenya iliteremshwa hadi shilingi 3 kwa dakika, na washindani hawakuwa na hiari ila kushuka nao. Basi hapa kununuana kwa kampuni kulimletea mwananchi nafuu. Lakini tusikosee kuhusu sababu yake. Nafuu hiyo haikutokana na huruma ya mnunuzi. Ilikuja kwa sababu mbele ya mnunuzi alisimama Safaricom, fahali aliyekuwa mkubwa kuliko yeye, na njia pekee ya kuwapata wateja wake ilikuwa kuwapa kilicho bora.

Mfano wa pili ni wa bia. Najua wako wasomaji wasioigusa, nami siwashawishi waanze, lakini biashara ya bia inafundisha mengi. Mwaka 1998 kampuni ya South African Breweries ilifungua kiwanda cha Castle mjini Thika, ikaingia katika soko ambalo Kenya Breweries ilikuwa imelitawala peke yake. Kwa upande wao, watengenezaji wa Tusker walikuwa na kiwanda cha Kibo mjini Moshi ili kuikabili Tanzania Breweries, ambayo ilikuwa chini ya Waafrika Kusini hao hao. Kwa miaka kadhaa fahali hawa walipigana kwa bei, kwa matangazo na kwa zawadi, nao wenye baa walibembelezwa pande zote mbili.

Mwaka 2002 wakapatana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi nacho kikafungwa. Waafrika Kusini wakapewa asilimia 20 ya Kenya Breweries, na East African Breweries ikapewa asilimia 20 ya Tanzania Breweries. Kila mmoja akaahidi kumtengenezea na kumuuzia mwenzake bia zake katika nchi yake. Kwa lugha nyepesi, Kenya ikawa ya mmoja na Tanzania ikawa ya mwingine. Wanahisa walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia kwani vita vilikuwa vimewagharimu. Wafanyakazi wa Thika na Moshi hawakushangilia. Ndoa hiyo haikudumu: mwaka 2010 East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya Serengeti nchini Tanzania, na mwaka 2011 wawili hao wakatalikiana.

Jambo la kuvutia ni kwamba ng'ambo ya mpaka wetu amani hiyo haikufika. Nchini Uganda, Nile Breweries ya Jinja, iliyokuwa mikononi mwa Waafrika Kusini, na Uganda Breweries ya Port Bell, iliyo chini ya East African Breweries, ziliendelea kukabiliana. Katika pambano hilo Nile Breweries ilianzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, bia ya Eagle iliyotengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, na maelfu ya wakulima wa Uganda wakapata soko la zao ambalo awali lilikuwa la uji na ugali tu. Huku kwetu, bia ya Senator ilianza mwaka 2004, na baadaye ikawa mnunuzi mkubwa wa mtama wa wakulima wa Magharibi na Nyanza. Serikali ilipopunguza nafuu ya ushuru wa bia hiyo mwaka 2013, mauzo yalianguka, na mkulima aliyekuwa na mnunuzi mmoja akabaki na magunia yake nyumbani. Angalau mtama huliwa.

Miwa hailiwi kwa chakula cha jioni, na hapo ndipo ninapoujia mfano wa tatu, ambao ndio ulionisukuma kuandika makala haya.

Tuutazame Mto Nzoia. Hutoka milima ya Cherangani, ukapita Webuye kwenye kile kiwanda cha karatasi, ukashuka kupitia nchi ya miwa ya Bungoma na Mumias, hatimaye ukafika Budalang'i na kuingia ziwani. Sisi wa mdomoni mwa mto tunajua kwamba lolote litendwalo huko juu hutufikia huku chini, liwe tope au mafuriko. Ndivyo ilivyo pia na uamuzi wa kibiashara.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na baada ya majaribio yasiyofaulu ya kukifufua, kiliuzwa mwaka 2016 kwa kundi la kampuni za familia ya Rai kwa shilingi milioni 900. Kundi hilo ndilo pia lenye West Kenya, mwenye sukari ya Kabras kule Kakamega, ambaye alipanua shughuli zake hadi Naitiri katika Bungoma na Olepito hapa Busia. Kaunti yetu, ambayo kwa miongo mingi ilipeleka miwa yake Mumias na Nzoia, ilijikuta ghafla na viwanda viwili, Olepito na Busia Sugar Industry cha Busibwabo. Wenye viwanda hivyo walishtakiana mahakamani kwa miaka. Wengi tuliziona kesi hizo kuwa balaa. Leo nasema kuwa zilikuwa dalili ya heri, kwa maana watu hawagombanii mahakamani kitu ambacho hawakihitaji, na kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa miwa ya mkulima wa Busia.

Kisha, mnamo Mei 2025, serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa muda wa miaka 30. Chemelil ilichukuliwa na Kibos, Muhoroni na West Valley, Sony na hao hao Busia Sugar Industry, na Nzoia ikachukuliwa na West Kenya. Wanasheria watasema kuwa kukodisha si kununua. Hiyo ni kweli kwa mwanasheria. Kwa mkulima atakayepanda, kuvuna na huenda kuzeeka ndani ya miaka hiyo 30, tofauti haipo. Anayeamua bei na siku ya kuvuna amebadilika.

Zipo sababu nzuri za hatua hiyo, nami sitazificha. Viwanda vya umma vilikuwa vimelemewa na madeni, mitambo imechakaa, wafanyakazi wamekaa miezi bila mishahara, na mkulima alipeleka miwa akaambulia stakabadhi. Mwekezaji mwenye fedha na ujuzi ni bora kuliko kiwanda kilichokufa. Tumeona Mumias, iliyoanza kusaga mwaka 1973 na kuwa kinara wa sukari nchini, ilivyoangusha uchumi wa vijiji vizima ilipoanguka.

Lakini miwa ina tabia inayofanana na ya samaki. Hukomaa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na ikishakatwa huanza kupoteza uzito na utamu. Isiposagwa ndani ya siku chache, mkulima amepata hasara. Hawezi kuipakia kwenye lori akaipeleka umbali wa kilomita 200 kutafuta bei nzuri, wala kuiweka ghalani hadi soko litengemae. Kwa hiyo idadi ya viwanda nchini Kenya haimsaidii. Kinachomsaidia ni idadi ya wenye viwanda vilivyo karibu na shamba lake. Mkulima aliye kati ya Olepito na Nzoia, ambaye jana alikuwa na wanunuzi wawili, leo anaona milango miwili lakini nyuma yake yuko mwenye nyumba mmoja. Simtuhumu mtu yeyote kwa ubaya. Mfanyabiashara hutafuta faida kama nyuki atafutavyo ua, na hilo si kosa. Kosa ni letu tukiacha mpangilio ambao ndani yake wema wa mtu mmoja ndio ngao pekee ya mkulima.

Fauka ya hayo, isidhaniwe kuwa kuungana peke yake ni dawa. Wakazi wa Malaba wana ushahidi wao. Mnamo Novemba 2006, reli ya Kenya na ya Uganda, zilizotenganishwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, zilikabidhiwa kampuni moja, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Hoja ilikuwa ya busara: mzigo utoke Mombasa hadi Kampala bila kubadilisha mikono mpakani. Wawekezaji wakuu wakabadilika, kutoka Waafrika Kusini hadi Wamisri, mzigo mwingi ukaendelea kupita barabarani, na misururu ya malori ikabaki Malaba. Kufikia mwaka 2017 mataifa yote mawili yalikuwa yamechoka, na Kenya ikauvunja mkataba huo. Huko ulaya nako, Daimler ya Ujerumani iliungana na Chrysler ya Marekani mwaka 1998 kwa shangwe kubwa, na miaka tisa baadaye ikaiuza sehemu kubwa ya Chrysler kwa bei ndogo kuliko ile iliyoinunulia. Karatasi huunganisha majina. Haiunganishi mitambo, mitaji wala mioyo ya watu.

Je, tufanyeje? Sisemi kampuni zizuiwe kuungana. Nchi yetu inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na Mamlaka ya kuisimamia. COMESA ina tume yake mjini Lilongwe, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2013, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina mamlaka yake Arusha, iliyoanza kupokea maombi ya miungano ya kampuni mnamo Novemba 2025. Vyombo havikosekani. Benki za NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019, Mamlaka yetu iliagiza kwamba wafanyakazi wasifutwe kwa miezi 12. Ni jambo jema, ingawa mwenye watoto shuleni huuliza pia kuhusu mwezi wa 13.

Kinachokosekana ni masikio huku pembezoni. Maombi haya hupimwa kwa takwimu za nchi nzima: kampuni fulani itamiliki asilimia ngapi ya soko la Kenya. Lakini mvuvi hauzi samaki katika soko la Kenya. Anauza ufuoni Port Victoria. Mkulima hauzi miwa katika soko la Kenya. Anauza umbali ambao trekta linaweza kufika kabla miwa haijakauka. Ninapendekeza basi kwamba kila muungano unaowahusu wazalishaji wadogo usikilizwe hadharani mahali wanapoishi, kwa lugha wanayoielewa, na yaulizwe maswali matatu. Kwanza, baada ya mkataba huu, atakuwa amebaki mnunuzi gani mwingine ambaye mtu wa hapa anaweza kumfikia? Pili, deni la zamani la mkulima na la mfanyakazi litalipwa na nani, na lini? Tatu, malalamiko yatasikilizwa wapi: hapa, au katika ofisi ambayo nauli ya kuifikia inazidi thamani ya malalamiko yenyewe?

Majibu ya maswali hayo yakiridhisha, fahali na waungane, nasi tutawapigia makofi. Yasiporidhisha, masharti yawekwe: mkulima aruhusiwe kumpelekea mnunuzi yeyote miwa yake, bei ibandikwe langoni, na malipo yawe na siku ya mwisho yenye adhabu.

Nasi tulio mpakani tunao wajibu. Vyama vya ushirika vya wakulima na vya wavuvi tulivyoviacha vife ndivyo vingekuwa muungano wetu sisi wadogo. Ikiwa tajiri mwenye viwanda vitatu huona faida ya kuongeza cha nne, vipi mwenye ekari mbili asione faida ya kushikamana na jirani yake? Wavuvi kumi wenye jokofu moja la barafu hawalazimiki kuuza samaki kabla jua halijapanda. Wanaweza kusubiri gari la pili.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakubwa wameielewa methali hiyo kutuzidi sisi tulioitunga.